Jiwe la Katikati ya Mto Kanyoni

Ruiru, 30 Novemba 1957

Kwa Ngendo wa Githinji,

Salamu kutoka laini, nyumba zenu za zamani za wafanyakazi. Huenda umesahau mwandiko wangu. Ni Tobias, mwana wa karani Nzomo. Shule imefungwa na niko hapa shambani kwa Bwana Kofia mpaka Januari.

Nina shida. Mwalimu wetu wa jiografia anataka kila mmoja achore ramani ya kijito kimoja, kutoka juu hadi mwisho, na kila poromoko liandikiwe kimo chake. Mimi kwa kiburi nikasema nitachora Kanyoni yote, tangu bwawani hadi inapoingia mto Ruiru. Nimejaribu mara mbili. Njia hakuna. Majani yalinifika kifuani, nikapotea, nikatokea katikati ya kahawa, na nyapara akanicheka: "Mwana wa kalamu, Kanyoni haiendwi kwa kalamu. Mtafute Githinji, au yule msichana wake bubu."

Samahani, neno ni lake. Mimi najua wewe si bubu. Tafadhali nionyeshe njia. Chakula nitabeba mimi.

Nilisikitika sana kwa yaliyompata baba yako.

Wako katika masomo,
Tobias Nzomo


Thika, 4 Desemba 1957

Benta wangu,

Leo sikuulizi hali, nitakuuliza siku nyingine. Soma hii ukiwa peke yako kisha uitie motoni.

Tobias ameniandikia. Anataka nimpeleke kwenye maporomoko ya Kanyoni, na mwishoni ameweka kwamba "alisikitika" kwa yaliyompata baba. Nilisoma neno hilo nimesimama nje ya posta, nikaikunja na kuikunjua barua hata yule Mhindi wa duka la vitambaa akaniuliza kama nimefiwa.

Wewe unajua ninavyoshindwa mbele ya watu. Nikiulizwa swali darasani, liwe la Kiingereza au la Kiswahili, jibu ninalo, ila hukwama kooni kama ugali mkavu. Kwenye karatasi sina haya. Basi nakuambia wewe, maana nina wewe tu: namchukia Tobias. Namchukia nikiteka maji na namchukia nikisali. Kanisani tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea mimi hufunga mdomo, halafu naendelea na wengine.

Ulikuwepo asubuhi ile ya mwaka jana. Lango la bwawa lilikutwa wazi, bwawa tupu, mtaro mkavu, na mashine ya kumenya kahawa haikupata hata tone. Kahawa ya siku nzima ikaozea kwenye marundo na wachumaji hawakulipwa. Mlinzi wa lango alikuwa nani? Baba. Bwana Kofia akampiga teke mbele ya watu wote, na akina mama tuliokuwa tukiazimana nao chumvi wakavitemea mate vyombo vyetu tukifunga mizigo. Lakini kuna kitu sikukuambia. Alfajiri ile nilimwona Tobias akipanda kutoka mtoni, suruali imelowa hadi magotini. Aliniona akainamisha kichwa. Nilipomwambia baba, alinikataza nisirudie maneno hayo kwa mtu. Yeye mbele ya Bwana Kofia alisema tu, "Lango ni langu." Sasa anapasua mawe machimboni huku Thika na vidole vyake havikunjiki tena.

Sikia nitakavyofanya. Unalijua lile jiwe kubwa lililo katikati ya mto, chini ya poromoko tunaloliita Ndevu. Maji yakizuiwa bwawani kwa ajili ya mashine, unalifikia kwa kukanyaga mawe madogo, hulowi. Lango likifunguliwa, mto unajaa na jiwe linabaki peke yake. Tobias hajui kuogelea. Nitamkalisha pale achore, mimi nitoke mapema. Wachumaji wakishuka kuoga watamkuta analia kama mwana-mbuzi, nami nitasimama ukingoni niulize, Benta, kwa sauti niulize: "Nani alifungua lango?" Asipojibu asitolewe. Maji yakimfika shingoni, sawa.

Namshukuru Mungu kazi ya lango ilimwendea baba yako na si mtu mwingine. Muulize Jumamosi hufungua saa ngapi. Usimwambie sababu.

Ngendo


Ruiru, 8 Desemba 1957

Ngendo,

Yawa! Msichana asiyeweza kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni, leo anapanga kuzamisha watu kama Farao! Nilicheka, halafu nikasoma tena, sikucheka.

Acha jambo hili. Baba yako mwenyewe alinyamaza, nawe ni nani wa kumpita baba yako? Tobias ni mjinga wa vitabu tu. Tena, usimuulize mtu kitu akiwa na hofu ya kufa. Mtu wa namna hiyo husema lolote lililo karibu na ulimi, awataje hata watu wasiokuwepo. Utapata faida gani?

Kama ni lazima umwonyeshe maporomoko, mwonyeshe, ale chakula chake, aende zake.

Uliuliza saa. Baba hufungua saa kumi jioni. Mama anakusalimu. Tumbo limekuwa zito na miguu imevimba, anaomba umkumbuke katika sala, pale unapofungua mdomo.

Benta


Thika, 10 Desemba 1957

Kwa Tobias,

Nimepata barua yako. Nitakuonyesha.

Njoo Jumamosi tarehe 14, umande ukikauka, chini ya bwawa penye migomba. Usivae viatu vya shule. Beba kamba. Ukiniongelesha nisipojibu usiudhike, ndivyo nilivyo.

Kuna jiwe moja zuri sana la kukalia mtu akichora.

N. Githinji


Thika, 15 Desemba 1957

Benta,

Niko hai. Nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu nataka uisome kwa utaratibu, neno kwa neno.

Tobias alikuja na kofia ya jua, kamba aliyoifunga mafundo ya kupimia, na mayai ndani ya sufuria ndogo. Tukashuka. Poromoko la kwanza, Kikohozi, halikuwa na kitu, maji yalikuwa yamezuiwa na yalikuwa yakikohoa tu kati ya mawe. Maganda mekundu ya kahawa yamejaa kila mahali, na ile harufu yake unaijua, kama pombe iliyosahauliwa. Tobias akateremsha kamba yake. "Futi tisa!" akapiga kelele, kama kwamba poromoko lilikuwa likingoja aliambie.

Baada ya hapo njia ya mtu hakuna. Nilimpitisha mkondoni mwa mto wenyewe, pengine ndani ya maji, pengine juu ya magogo yaliyooza. Penye Mapacha, yale maporomoko mawili yanayoanguka bega kwa bega, huwezi kushuka ila kwa mizizi ya mkuyu. Mimi nilishuka kama nilivyofundishwa na baba, uso kwa mwamba. Yeye alishuka kwa makalio. Akatua kwenye thabai, yale majani yanayouma kama siafu. Wuui, Benta! Aliruka akisema maneno ambayo hayafundishwi shule yoyote. Nilicheka ndani kwa ndani mpaka tumbo likauma.

"Cheka tu," akasema akijikuna. "Nimekuona mabega yakitikisika."

La tatu halina jina. Baba alikuwa akiniambia hilo tulipite kimya. Maji yake huanguka mbele ya pango, na ndani ni pakavu. Tulikaa humo, akanipa yai na chumvi ndani ya karatasi. Alinionyesha ramani yake. Alikuwa ameandika pembeni, kwa herufi nzuri: *Kiongozi: Miss Ngendo Githinji*. Nakuungamia hili pia: hapo nusura nimhurumie. Nikajifinya paja. Nikakumbuka Bwana Kofia akiinua buti, na baba akijipangusa vumbi polepole kama mtu aliyejikwaa mwenyewe.

Kisha tukafika Ndevu, ambalo kuvumwani yake inaning'inia mpaka chini kama ndevu, na pale chini yake ndipo penye jiwe. Likavu, jeupe kwa jua. "Kaa pale," nikamwambia. Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu asubuhi. Akafurahi! Akaruka kwenye mawe madogo kama mtoto, akakaa, akafungua karatasi. Nami nikamfuata, kwa sababu jua lilikuwa bado utosini na nilijua nina muda mrefu mpaka saa kumi. Nilitaka kumwangalia usoni kwa karibu kabla ya kumwacha.

Ndege walinyamaza kwanza. Halafu nikasikia Kikohozi kule juu kikinguruma, halafu Mapacha. Kabla sijasimama, Ndevu lilitapika. Maji ya udongo na maganda. Mawe madogo yakamezwa moja baada ya jingine, nasi tuko juu ya lile kubwa, wote wawili, yeye amenishika mkono kwa kucha.

"Tutakufa?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimejifunza swali langu, nikaona afadhali nife nimeliuliza. Nilipiga kelele, Benta. Sijui sauti ile ilikuwa wapi miaka yote hii. "Nani alifungua lango?"

"Lango gani?"

"La baba! Nilikuona! Ulikuwa umelowa!"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Kwani hujui? Nilisikia mtu akiita alfajiri, nikakimbia kumsaidia kusukuma ubao, ukakataa. Ulikuwa umekwama wazi. Baba aliniambia mwana wa karani asijiingize."

"Ukamsaidia nani?"

Maji yalikuwa yametufika kwenye vifundo vya miguu. Akalia, kweli akalia. "Odhiambo, baba yake Benta. Alikuwa na kapu la samaki."

Wachumaji walikuwa wamesikia kelele. Walifunga leso zao ncha kwa ncha wakatutupia, pamoja na kamba ya Tobias, wakatuvuta. Aliyenishika mkono ni Nafuna, yule yule aliyetemea sufuria yetu mate. "Huyu si bubu wa Githinji?" akasema. "Mbona analia vizuri hivi!" Wote wakacheka. Nilikaa kwenye matope nikawaangalia wakicheka.

Ramani ilikwenda na maji. Poromoko la mwisho hatukuliona.

Benta. Uliniambia saa kumi.

Ngendo


Ruiru, 18 Desemba 1957

Ngendo,

Piga, lakini nisikilize.

Nilijua Jumamosi baba hufungua saa sita mchana. Niliposema saa kumi, nilifikiri mtatembea polepole, maji yawakute huko juu penye kingo za karibu, mwogope, mrudi. Sikujua mtafika kwenye jiwe mapema hivyo. Nilikuwa laini nikiosha vyombo nilipowasikia akina mama wakipiga mayowe. Naapa kwa mama.

Baba hakuwa na nia mbaya. Tangu tutoke ziwani hajazoea maharage. Aliwaona kambare bwawani, wakubwa, hakuna mtu anayewala huku kwenu, na akasema ni dhambi kuwaacha. Alfajiri ile alifungua lango kidogo tu, maji yashuke awaokote matopeni, alifunge tena kabla ya kazi kuanza. Gogo likaingia, ubao ukakwama. Ndiyo, tuliwala. Mimi nilikula. Tangu siku ile samaki hapiti kooni mwangu, lakini siku ile alipita.

Nililokuficha ni hili la pili. Baba alitaka kusema. Alikuwa tayari amevaa koti aende kwa Bwana Kofia. Baba yako ndiye aliyemzuia mlangoni, nikasikia kwa masikio yangu. Muulize habari ya msako wa mwaka 1954. Ukishasikia, utaamua.

Tukifukuzwa hapa hatuna mahali. Mama yuko karibu kujifungua, na wewe unajua wale watoto wawili waliotangulia hawakukaa. Nakuomba kama dada. Nakuomba hata kama si dada tena.

Benta


Thika, 21 Desemba 1957

Benta,

Nilimuuliza. Nilimpelekea chai machimboni, nikakaa karibu naye juu ya mawe mpaka akachoka kunisubiri nianze.

"Sema," akasema.

"Odhiambo na samaki," nikasema.

Akaweka nyundo chini. Kisha akanieleza. Askari walikuja laini wakiwatafuta wanaume Wakikuyu. Baba yako akamfunga baba yangu uso kwa kitambaa, ili wasione kwamba meno ya chini, ambayo Wajaluo hung'oa, yote yapo, akawaambia huyu ni ndugu yangu Mjaluo, anaumwa jino. Wakiwa wamesimama pale na bunduki, Odhiambo akaanza kumsemesha Kijaluo, kwa hasira, kama anamgombeza kwa kutokwenda hospitali. Na baba yangu, ambaye hajui hata neno moja, akawa anaitikia "ee, ee" kama kasuku. Wakaondoka. Waliochukuliwa siku ile, wengine hatujawaona mpaka leo.

"Sasa, maitu," baba akaniambia. Huniita mama pale anapotaka kunishinda. "Mtu akikupa uhai, utamhesabia samaki?"

Sikumjibu. Yeye alidhani nimekubali, kwa maana hivyo ndivyo watu hunisikia nikinyamaza.

Nakujibu wewe. Baba ana deni kwa baba yako. Mimi sina. Siku ya msako bunduki haikuelekezwa kwangu. Nilichoelekezewa mimi ni mate. Nilipita kati ya wanawake wale nikiwa binti wa mlevi, binti wa mvivu, binti wa mwizi wa jasho la watu, na wewe ulisimama mlangoni kwenu, umeshiba, ukanipungia mkono. Mwaka mzima uliniandikia "pole". Uliniacha nimchukie mtu asiye na hatia, ukanitazama ninavyomchukia, ukaniambia nifunge mdomo kwa ajili ya heshima ya baba yangu!

Habari ya mama yako nimeisoma mara mbili. Mama yangu naye alitoka Ruiru mpaka Thika kwa miguu, meza iko kichwani.

Jumamosi tarehe 28 watu watapanga foleni ya posho ya mwisho wa mwezi. Wote watakuwepo, na Bwana Kofia, na Nafuna. Baba yako aseme pale, kwa kinywa chake. Asiposema, nitasema mimi. Tobias amekubali kusimama nami, na sasa nimeshajua kwamba sauti ninayo.

Baba hajui naandika barua hii.

Ngendo Githinji


Ngoliba, 4 Januari 1958

Kwa Ngendo,

Alisema.

Hakungoja hata foleni ijae, wala wewe ufike. Alipanda juu ya mizani ya kupimia kahawa, kofia mkononi, akasema ni yeye, na Githinji hakuwa na kosa lolote. Alipofika kwenye samaki watu walicheka. Walidhani ni mzaha, unajua baba ni mtu wa mizaha. Alingoja wamalize kucheka, akasema tena. Nafuna ndiye wa kwanza kuelewa. Akamrushia debe tupu, likampata begani. Bwana Kofia alitupa muda mpaka jua kutua tuwe tumehama.

Tobias alitusaidia kubeba kitanda mpaka barabarani. Baba yake alimwita arudi ndani, hakurudi.

Tuko Ngoliba kwenye mkonge. Ni joto, maji ni ya chumvi, na nyumba tuliyopewa haina paa upande mmoja. Mama alijifungua juzi. Ni msichana na mpaka asubuhi hii anapumua.

Baba amenituma nikuandikie kwamba hana kinyongo, na kwamba ulifanya lililo haki kwa baba yako. Hayo ni yake. Mimi sina la kukutumia. Ulitaka nilipe, nimelipa, tena kwa mateso ya mama. Usiniandikie.

Benta Odhiambo


Thika, 11 Januari 1958

Benta,

Umesema nisiandike. Hii si barua, ni habari unayopaswa kuwa nayo kabla ya kesho, na dereva wa lori la mkonge amekubali kuifikisha leo.

Bwana Kofia alituma mtu amwite baba arudi langoni, na nyumba ile ile. Mama alianza kufunga vyombo akiimba. Baba alimsikiliza mjumbe mpaka mwisho, akampa kiti, akampa chai, akamwambia, "Mwambie nimezoea mawe." Mama ameacha kuimba, lakini vyombo bado hajavifungua.

Mimi nilikwenda Ruiru peke yangu na kupita katikati ya laini, mchana, polepole. Walinisalimu wote. Nafuna alinipa mahindi, akanishika mikono yote miwili, akaomba msamaha mbele ya watoto wake. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo mwaka mzima na nilikula mahindi yale mpaka gunzi. Sitakudanganya kwamba hayakuwa matamu.

Lakini baba hasemi nami. Si kwa hasira. Ananipisha njiani kama mgeni. Jioni ile nilipomsomea barua yako, maana sikutaka asikie kwa watu, alisimama akatoka nje, akaanza kukagua tairi za baiskeli. Amekopa mabati manne kwa mtu wa machimboni, na misumari, na ameyafunga nyuma kwa kamba. Anakuja kwenu kesho Jumapili, alfajiri. Nilimwambia ni mbali, na vidole vyake haviwezi kushika nyundo juu ya paa. Akanijibu, neno lake la kwanza tangu siku ile: "Odhiambo atashika misumari."

Nilitaka kumpa kitu amletee mtoto. Nilishika kitambaa, nikakirudisha sandukuni, nikakishika tena. Mpaka sasa kiko hapa mezani, na nakuchukia, na sijui nifanye nini nacho.

Akifika mpe maji kwanza, hunywa kabla ya kukaa. Akikuambia nimekusalimu, si kweli. Sikumtuma.

Ngendo